Shimo Nililochimba Mwenyewe

Nyumba yangu ya Bombambili imetoka kwenye shimo lililo nyuma yake. Mwaka 1998 nilinunua kiwanja, na Agosti ya mwaka uliofuata nikawaita vijana watatu wenye majembe na sepetu. Udongo ukachimbwa palepale, ukamwagiwa maji, ukakanyagwa kwa miguu, ukapigwa kwenye kibao, tofali zikaanikwa, tanuru likapangwa, moto ukawaka usiku na mchana. Songea wengi tumejenga hivyo. Ukipita mitaani kwetu mwezi wa Septemba utaona matanuru yanafuka kila upande, na pembeni ya kila tanuru, shimo. Mimi nilipata tofali elfu saba na ushee. Shimo halikuwa akilini. Mwalimu wa shule ya msingi anayejenga kwa mshahara wake huhesabu tofali, hahesabu alikozitoa.

Mvua zikaanza Desemba, kama kawaida ya huku kwetu ambako masika ni moja tu, ndefu, mpaka Aprili. Ilipofika Januari 2000 shimo lilikuwa limejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, upana wake chumba na sebule. Bata wa jirani walilipenda. Watoto wa mtaa walilipenda zaidi, wakawa wanaelesha humo mitumbwi ya mabua. Tulikuwa tumeshahamia: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na mtoto wetu wa miaka miwili. Nyumba haikuwa na dari, madirisha nilikuwa nimeyaziba kwa magunia, na kwa kuwa ndani kulikuwa na joto na giza, maisha yetu yote ya jioni yalikuwa nje, barazani na uwani. Huko ndiko tulikokutana na wenyeji: mbu.

Tulikula ugali kwa mkono mmoja, wa pili ukipiga miguu, shingo na mgongo wa mtoto. Mtu angetuona kwa mbali angedhani tunacheza lizombe tukiwa tumekaa.

Mama alikuja na silaha zake za kijijini. Alifikicha kivumbasi akampaka mtoto miguuni, kingine akakitundika juu ya mlango. Alichoma mavi makavu ya ng'ombe kwenye kigae. Mimi nilileta za mjini: trei za mayai, ambazo ukiwasha pembe moja hufuka saa nzima, na ile dawa ya kijani iliyojizungusha kama nyoka aliyelala. Sikatai, moshi unasaidia, na kivumbasi nakipanda mpaka leo. Lakini moshi huenda uendako upepo. Ukihamisha kigoda kuufuata, unakohoa. Ukibaki ulipo, unaumwa. Na moshi ulinifanyia hila moja ambayo ilinichukua miaka kuielewa: kila jioni nilipouwasha nilijiona nimeshatimiza wajibu wangu.

Kisha nikalaumu mahindi. Songea ni nchi ya mahindi, tunalima mpaka chini ya dirisha, na kila mtu wa mjini atakuambia mahindi ndiyo yanayoleta mbu. Miji kadhaa nchini imewahi kukataza mazao marefu kwa sababu hiyo. Basi Februari, mahindi yangu ya uwani yakiwa yametoa mbelewele, nikachukua panga nikayafyeka yote. Mama alitoka akaniangalia, akaliangalia shamba, akasema, "Chakula umekiua, mbu umewaacha." Hakunisemesha siku mbili. Na mbu kweli hawakupungua hata mmoja.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba mimi na wazee wa mji tulikuwa tumekosea nusu tu. Mbu hazaliwi kwenye hindi. Ila watafiti waliofanya kazi Ethiopia miaka hiyohiyo walikuta kwamba madimbwi yaliyo karibu na mahindi yaliyochanua hupata chavua inayodondoka, na viluwiluwi wa mbu wa malaria huila wakakua upesi na kunenepa. Kwa hiyo mahindi ni jiko, si chumba cha kuzalia. Nami nilikuwa nimebomoa jiko nikaacha wodi ya wazazi imejaa maji, hatua kumi tu kutoka hapo.

Machi mtoto akaugua. Sitaki kulieleza sana hili. Homa ilipanda usiku, akatapika, na alfajiri mimi nikawa naendesha baiskeli, mama yake nyuma amempakata. Zahanati walimpa klorokwini, chungu, akaitema nusu, na ile nusu iliyoingia ikamwasha mwili mzima akajikuna mpaka ngozi ikachubuka. Baada ya wiki mbili homa ikarudi. Klorokwini wakati huo ilikuwa imeshashindwa kazi sehemu nyingi. Mwaka 2001 nchi iliiacha ikaingia SP, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Sisi hatukuyajua hayo. Mara ya pili alipewa dawa nyingine, akapona. Ndiye huyu ambaye leo ananizidi urefu.

Bwana afya alipokuja alikuwa anakagua vyoo vya mtaa mzima, hakuwa na habari ya mtoto wetu. Kijana mdogo, viatu vimejaa tope. "Shikamoo, mwalimu." Nikamwitikia, nikamwonyesha choo, akakiandika kwenye daftari lake, kisha akasimama akitazama shimo. Akaomba bakuli jeupe. Mke wangu akatoa la wageni, maana ndilo jeupe pekee tulilokuwa nalo.

"Mwalimu, sogea upande huu," akasema. "Kivuli chako kikiwafikia, wanazama."

Akalilaza bakuli taratibu kwenye ukingo wenye nyasi, maji yakaingia yenyewe, akalinyanyua. Mwanzoni niliona maji ya tope tu. Kisha vitu kama vipande vya uzi mweusi, si virefu kuliko punje ya mchele, vikaanza kujisogeza kwa kujikunja kunja. Vilikuwa vimelala juu ya maji, mwili wote sambamba na uso wa maji, kama watoto wanaoelea mtoni. Akaanza kuvihesabu kwa njiti ya kiberiti akaacha alipofika thelathini.

"Hawa wanaolala hivi ndio wa malaria. Ukiona wananing'inia vichwa chini, mkia juu, hao ni wa maji machafu, mbu wa chooni." Akamwaga bakuli kwenye mchanga mkavu. "Mwalimu, hawa wote wako darasani kwako."

Bakuli lile halikurudi mezani tena. Ninalo hadi leo.

Alinielekeza nilifukie shimo. Rahisi kusema. Shimo la tofali elfu saba halifukiwi ila kwa udongo wa shimo jingine, na mimi pesa ya lori sikuwa nayo. Kwa hiyo nikafanya wanachofanya watu wote wa mtaa wenye akili kama zangu: nikaligeuza jalala. Majivu, maganda ya ndizi, pumba iliyooza, matumbo ya kuku, vichwa vya usipa kutoka Mbamba Bay, samadi ya mbuzi wetu wawili. Kila siku ndoo moja. Nilijisifu kwamba nafukia shimo bila gharama.

Masika iliyofuata mbu walibadilika. Walikuja usiku wa manane, wengi, wenye kelele. Nikachota kwa bakuli langu jeupe: vichwa chini, mikia juu. Maji yalipokuwa safi kidogo yalilea wale wa malaria. Nilipoyachafua, wakaingia wa chooni. Na hawa wana tabia moja mbaya: kiangazi hawaondoki. Madimbwi ya mvua yakikauka Juni, wao wanabaki kwenye vyoo vya shimo vyenye maji na kwenye makaro. Mtu wa Songea anayeshangaa kuumwa na mbu Oktoba, wakati hata nyasi zimekuwa vumbi, aangalie chooni kwake.

Makunduchi, Unguja, walikuwa na hao hao, na kule waliwaletea matende na mabusha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga vyooni chembe nyeupe nyepesi za plastiki, aina ile inayofungashiwa televisheni. Zikaelea, zikafunika maji kama blanketi. Viluwiluwi wakakosa pa kuvutia hewa, mbu jike wakakosa pa kutagia, na pamoja na dawa walizopewa wananchi, vimelea vya matende vikapungua sana. Mimi sikuwa na chembe. Nilimwaga oil chafu ya gereji. Inafanya kazi, ila inanuka, na kwa sababu ya kisima cha jirani siipendekezi tena.

Choo chenyewe kilikuwa na bomba la hewa, na hapo nina kisa kidogo cha aibu. Bomba lile lilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, na ujanja wake ni huu: inzi akiwa shimoni kwenye giza hufuata mwanga, mwanga anaouona uko juu kwenye bomba, anapanda, anakuta wavu, anakufa hapo. Fundi wangu aliweka bomba, wavu hakuweka, nami sikuuliza. Bomba lisilo na wavu ni barabara ya lami ya inzi, kwenda na kurudi. Mtaa wetu unaitwa Bombambili, na kwa miaka kadhaa mimi nilikuwa na bomba mbili kweli: moja la maji lililokauka siku tatu kwa wiki, na moja la choo lisilo na wavu.

Oktoba 2011 yule mtoto wa baiskeli alipata kipaimara. Tukatandaza turubai uwani, viti vya kukodi, pilau, nguruwe wa kuchoma, soda kwenye beseni. Ilikuwa kiangazi kimefika mwisho wake, joto limekaa juu ya milima ya Matogoro kama mfuniko, na kutwa nzima upepo haukutikisa jani. Inzi waliokuja siku ile sijawahi kuwaona. Walifunika pilau kama zabibu. Shangazi zangu watatu waliacha sherehe wakawa wapunga kanga tu juu ya masufuria. Mgeni mmoja, padre, alikunywa soda yake akiwa amefunika chupa kwa kiganja kati ya funda na funda. Nami, mbele ya watu, nikatamka kwa sauti kwamba inzi hawa wanatoka kwenye banda la nguruwe la jirani.

Mama huyu jirani anafuga nguruwe wanne au watano, ukuta wa banda lake unagusa michongoma yangu. Maneno yalimfikia kabla sahani hazijaoshwa. Jumatatu alasiri akaja, kanga ya pili mabegani, hakukaa.

"Mwalimu, nimesikia una shida na inzi wangu. Njoo uwaone."

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kuwa mpole. Banda lilikuwa limefagiliwa. Sakafu ya saruji ina mteremko, mkojo unaingia kwenye mfereji. Samadi ilikuwa imetandazwa juani kwenye bati bovu, nyembamba kama mtama wa kuanika, imekauka mpaka inapukutika. Inzi walikuwepo, siwezi kusema hawakuwepo, wachache wa kawaida.

"Sasa twende kwako," akasema.

Kwenye ukingo wa shimo langu, mahali pakavu chini ya michongoma, alichukua kijiti akapekua udongo kwa kina cha kidole. Zikatoka punje za kahawia, laini, zimejaa, kama mpunga uliokaangwa. Akapekua tena hatua mbili mbele: punje. Alichota kiganja kizima.

"Haya ndiyo mayai yao," nikasema, nikijaribu kuonyesha kwamba najua.

"Si mayai, mwalimu. Ni funza walioshiba. Wanakula kule kwenye unyevu, halafu wanatoka kuja kulala pakavu, wakiamka wana mbawa." Akacheka kwa mara ya kwanza. "Unafikiri kwa nini kuku wangu wanavuka uzio kila asubuhi? Wananenepa kwako."

Hakwenda chuo cha mifugo. Alijifunza kwa kuku. Alichoniambia pale nilikuja kukiona baadaye kwenye vitabu, kwa maneno marefu zaidi: inzi hutaga mayai zaidi ya mia kwa mkupuo mmoja, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja, na kwenye joto siku kumi hivi zinatosha kutoka yai hadi mbawa. Ndiyo maana yeye huondoa na kuanika samadi kila Jumamosi. Si Jumamosi akipata nafasi. Kila Jumamosi, hata mvua inyeshe. "Nikiruka moja," alisema, "wananiwahi."

Nililala na neno hilo. Mbu naye ni vivyo hivyo. Katika joto la kwetu, kutoka yai mpaka kuruka ni siku saba hadi kumi na nne. Wadudu hawa wawili, mmoja wa maji na mmoja wa uchafu, wanatumia kalenda moja, na kalenda hiyo ni ya wiki. Mimi kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa napigana kwa kalenda nyingine: ya jioni kwa jioni na moshi wangu, au ya mwaka kwa mwaka na shimo langu.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka tisa. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipoingia kijijini kwetu, baba na wenzake walikusanyika kwenye redio chini ya mwembe, kitabu mkononi, wakisikiliza na kujadiliana. Nchi nzima watu kama milioni mbili walikuwa kwenye vikundi vile. Wiki kumi na mbili. Nakumbuka vyoo vilivyochimbwa kwa mbio, nyasi zilizofyekwa, madimbwi yaliyofukiwa na wanaume wakiimba. Ilikuwa kazi kubwa na nzuri, sijaona nyingine ya kuifikia. Wiki ya kumi na tatu redio haikuwa na kipindi. Baba akatundika fyekeo. Desemba ile ile mbu walirudi kwetu kama waliokwenda kusalimia.

Desemba 9, 2015 sikukuu ya Uhuru ilisherehekewa kwa kufanya usafi, na tangu hapo tuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Naitii. Nafagia mfereji mbele ya nyumba, namsalimia mwenyekiti wa mtaa. Lakini nina ugomvi nayo wa hesabu. Mwezi ni mrefu mno kwa mbu. Kati ya Jumamosi moja ya mwisho na nyingine, vizazi viwili, pengine vitatu, vinapata mbawa wakati sisi tunasubiri tarehe. Waliokuwa na mpango wa kudhibiti viluwiluwi Dar es Salaam kuanzia mwaka 2004 walilijua hili: watu wa mitaa yenyewe waliandikwa kazi ya kupita kila dimbwi na kila mfereji na kuweka dawa ya bakteria, na mzunguko wao ulikuwa wa wiki. Dawa ya namna hiyo sasa inatengenezwa nchini, Kibaha; mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza halmashauri ziinunue. Ni dawa nzuri. Inaua viluwiluwi, haimdhuru bata wala mtu. Lakini nayo, ukiweka leo, ukasahau, mvua ikinyesha unaanza upya.

Na chandarua, watauliza. Chandarua nakilalia, tangu enzi za Hati Punguzo za kununulia vyandarua kwa bei nafuu, na watoto wangu wadogo hawakuugua kama yule wa kwanza. Ila hakuna anayekula ndani ya chandarua, wala anayepukuchua mahindi humo, wala anayekaa matanga. Sisi ni watu wa nje. Saa moja hadi saa tatu usiku, huo ndio muda wetu, na mbu wa nje anaujua.

Shimo nililifukia mwaka 2012, kwa udongo wa mtu aliyekuwa anachimba msingi barabarani. Nilimpa debe tatu za mahindi. Juu yake nimepanda migomba. Maganda sasa yanakwenda kwenye shimo dogo la mbolea ninalolifunika kwa majivu na udongo kila nikimwaga. Bomba la choo lina wavu, na ukipanda ngazi kuangalia unakuta inzi waliokufa wamejaa chini yake kama chai kavu kwenye chujio.

Kilichobaki ni maji ya akiba, na hayo hayaishi maadamu bomba linatoka kwa zamu. Mapipa mawili, simtanki moja, ndoo, sahani ya kuku, tairi la zamani ambalo mjukuu hataki litupwe. Tairi silipendi kabisa. Ndani ya maji machache kama yale ndimo anamozaliwa yule mbu wa mchana wa dengue, iliyowatesa watu wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Nimelitoboa matundu manne, maji hayakai.

Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili asubuhi, nilikuwa uwani na bakuli langu jeupe, mjukuu ananishikia kata. Tulikagua mapipa, tukafunga vifuniko, tukapindua ndoo. Sauti ikatoka ng'ambo ya michongoma, kabla sijamwona mwenyewe.

"Umeamkaje, mwalimu? Umemwaga?"

"Nimemwaga, mama."

"Na sahani ya kuku?"

Nikamtazama mjukuu. Mjukuu akatazama chini. Tukarudi nyuma ya jiko, tukaikuta imejaa, na ndani yake, vichwa chini, mikia juu, wako kumi na mmoja.